Mazoezi kwanza, daftari baadaye: mwongozo wa kumsaidia mtoto mwenye ADHD kwa kuuchezesha mwili

Katika nyumba nyingi utaratibu ni mmoja: mtoto akirudi shule anamaliza kazi aliyopewa na mwalimu, ndipo anaruhusiwa kutoka kucheza. Kwa mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya ashindwe kutulia, kujizuia na kukaza akili kwenye jambo moja, utaratibu huo unawaumiza yeye na mzazi wake. Ameshinda kwenye dawati tangu asubuhi, amechoka kujizuia, na sasa anaambiwa akae tena. Hesabu kumi zinakula saa mbili, daftari limejaa kufutafuta, sauti zimepanda, na giza linaingia mtoto hajakimbia hata kidogo. Geuza mpangilio: kwanza dakika 20 za kutokwa jasho, kisha maji, kisha daftari. Hapa tunaeleza namna ya kufanya hivyo kwa vipimo, na mahali ambapo mambo huharibika.

Kinachotokea kichwani

ADHD haitokani na kudekezwa wala kukosa fimbo. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, na kwa makadirio yanayotumika sana inawagusa watoto karibu 5 katika kila 100. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwezesha mtu kujizuia, kusubiri zamu na kushikilia jambo moja hadi liishe. Sehemu hiyo inategemea sana kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, na dawa zinazotolewa mara nyingi kwa ADHD hufanya kazi kwa kuziongeza hizo hizo. Mtoto akikimbia au kuruka hadi akahema, inaaminika kemikali hizo hupanda kwa muda.

Huo muda ndio wa kuutumia. Mwaka 2013 Matthew Pontifex na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watoto 40 wenye umri wa miaka 8 hadi 10, nusu yao wakiwa na ADHD. Siku moja kila mtoto alifanya mazoezi ya wastani kwenye mashine ya kukimbilia kwa dakika 20; siku nyingine alikaa akisoma kwa muda huo huo. Baada ya mazoezi, watoto wa makundi yote mawili walijizuia vizuri zaidi kwenye jaribio walilopewa, na alama zao za kusoma na hesabu zilikuwa bora kuliko za siku ya kukaa. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Betsy Hoza na kuchapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wapatao 200 waliofika shuleni mapema kwa wiki 12. Waliopewa michezo ya dakika 31 kila siku kabla ya masomo walipungukiwa dalili. Waliopewa shughuli za kukaa nao walipata nafuu, ingawa nyumbani nafuu ya waliocheza ilikuwa kubwa zaidi. Huenda maana yake ni kwamba ratiba isiyobadilika, na mtu mzima aliye karibu, navyo ni sehemu ya tiba.

Mazoezi hayaiondoi ADHD. Yanapunguza makali yake, na nafuu ya kikao kimoja ni ya muda mfupi. Ipangie kazi ya saa moja hivi inayofuata. Ndiyo sababu mechi ndefu ya Jumamosi haimsaidii mtoto na hesabu za Jumatano. Anahitaji vikao vifupi, kila siku, vilivyowekwa mbele ya kazi inayodai utulivu.

Kabla hujaanza

Hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni ADHD. Ili daktari aitambue, dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayetulia nyumbani lakini hatulii darasani huenda haoni ubao. Anayesinzia na kukasirika mchana huenda anakoroma usiku na halali vizuri. Apimwe macho, masikio na damu. Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, katika kaunti. Tanzania anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili.

Kisha mwili wenyewe. Mtoto aliyewahi kuzimia akicheza, anayelalamika maumivu ya kifua, au mwenye ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, amwone daktari kabla ya mazoezi yoyote. Mwenye sikoseli haruhusiwi mbio za kushindana mpaka kuishiwa nguvu: kwake ni vipindi vifupi, mapumziko mengi, maji kabla na wakati wa mchezo, na kutoloana kwenye baridi, tena kwa ushauri wa kliniki yake. Mwenye pumu acheze pampu ikiwa mkononi mwa mtu mzima, isiwe imefungiwa kabatini. Mwenye kifafa asipande juu wala kuingia majini bila mtu mzima anayeweza kumfikia kwa mkono.

Kama anatumia dawa za ADHD, jua mambo mawili. Nyingi huongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo kumpima kwa kuhesabu mapigo peke yake kutakupotosha. Pia hukata hamu ya kula: mpe uji au chai nzito na kiporo kabla ya dozi ya asubuhi, maana baada yake anaweza kukataa chakula hadi jioni, na mtoto asiyekula hana nguvu za kuruka. Usimpunguzie dawa kwa sababu ameanza mazoezi.

Kiasi gani, kwa nguvu gani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kuhemesha, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli kali na zinazojenga misuli na mifupa. Si lazima zifuatane. Dakika 15 za kutembea haraka kwenda shule, 20 za kikao cha jioni na 25 za mchezo na wenzake zinatosha.

Nguvu inayofaa unaijua kwa mazungumzo. Muulize swali katikati ya mchezo: akiweza kukujibu sentensi fupi lakini hawezi kuimba, yuko sawa. Akiimba bila shida, hajaanza. Akishindwa kutoa hata neno, mpunguzie. Ukitaka namba, weka vidole viwili pembeni ya shingo yake na uhesabu mapigo kwa sekunde 15. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 10, kati ya 32 na 38 ni wastani mzuri.

Maji: mtoto wa miaka 9 hadi 12 anywe mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, mdogo zaidi apewe funda chache mara kwa mara. Pwani na maeneo mengine ya joto, kikao kiwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni. Soda na juisi za pakiti hazina kazi hapa.

Kikao cha dakika 20 nyumbani

Unahitaji nafasi ya hatua sita kwa sita, kamba, chupa nne za plastiki zilizojazwa mchanga ili zisianguke, na kitambaa chekundu na cha kijani. Kamba ipimwe hivi: mtoto asimame katikati yake kwa miguu yote miwili, avute ncha juu, zifike kwapani. Ikizidi hapo inajikunja na kumkwaza, naye atasema hawezi kuruka, kumbe tatizo ni kamba. Avae viatu vilivyoshika mguu au awe pekupeku kwenye udongo laini. Kandambili ndizo zinazoteguza vifundo.

1. Dakika 0 hadi 3, kupasha mwili. Atembee kwa visigino kwenda, kwa vidole kurudi. Kisha atambae kwa viganja na nyayo, magoti yasiguse chini, kutoka chupa hadi chupa. Kutambaa huku kunamlazimisha kuubeba uzito wake kwa mikono, na watoto wengi wasiotulia huanza kutulia hapa hapa.

2. Dakika 3 hadi 8, kamba. Aruke sekunde 30, atembee sekunde 30, mara tano. Asiyejua kuruka, laza kamba chini kama mstari na aruke upande huu na upande ule kwa miguu miwili. Watoto wengi wenye ADHD wana mwili mzito kuratibu. Usimcheke wala usimlinganishe na mdogo wake.

3. Dakika 8 hadi 15, kukimbia kwa kufikiri. Panga chupa pembe nne. Ukiinua kitambaa cha kijani anakimbia kuzunguka, chekundu anasimama papo hapo. Akishazoea, baada ya dakika tatu hivi, geuza: chekundu kimbia, kijani simama. Sasa miguu inataka kufuata mazoea na kichwa kinalazimika kuizuia, na kujizuia ndiko kunakomshinda darasani. Atakosea sana mwanzoni. Punguza kasi ya kubadilisha vitambaa mpaka apatie mara nyingi kuliko anavyokosa, kisha ongeza.

4. Dakika 15 hadi 18, nguvu. Asukume ukuta kwa viganja kwa nguvu zake zote sekunde 20, mara tatu. Achuchumae na kuinuka mara 10, taratibu.

5. Dakika 18 hadi 20, kushusha. Atembee, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara sita. Anawe uso, anywe maji.

Baada ya hapo aende mezani ndani ya dakika 10. Madaftari yawe yameshafunguliwa, penseli imechongwa, runinga imezimwa. Ukianza kutafuta penseli baada ya mazoezi, ule muda mzuri unaishia kwenye droo.

Namna ya kutoa maelekezo ina uzito sawa na mazoezi yenyewe. Usipaze sauti kutoka jikoni. Simama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa bega, mwite jina, subiri akutazame, mpe jambo moja tu, naye alirudie kwa maneno yake. Onyesha kwa mwili kuliko kueleza. Akipatia, msifu hapo hapo na utaje alichofanya: "Umesimama mara tu kitambaa kilipopanda." Sifa ya jumla inayokuja dakika tano baadaye haimfikii. Na umalize angali anataka kuendelea. Atakayeondoka amechoka na amekasirika, kesho utamvuta kwa nguvu.

Kupanga siku

Asubuhi ndiyo bora kwa shule, lakini isile usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na kukosa usingizi kunazidisha dalili zile zile unazopambana nazo. Anayechukuliwa na basi saa kumi na moja alfajiri asiamshwe saa kumi ili akimbie. Mwombee mwalimu dakika tano za kuzunguka uwanja akifika, au mshuke mapema na kutembea kipande cha mwisho kwa haraka.

Wakati wa kazi za shule, mgawie muda: dakika 10 za kazi kwa mtoto wa miaka 6 hadi 8, 15 kwa mkubwa zaidi, kisha dakika 3 hadi 5 za kujinyoosha. Tumia saa yenye kengele ili amri itoke kwenye saa, si kwako. Mapumziko hayo yawe ya mwili: mirukio 20, au kupeleka ndoo ya lita 3 hadi 5 kutoka bombani hadi jikoni. Simu isiingie hapa, maana kumtoa kwenye simu ni vita nyingine. Kazi za kawaida zenye kubeba, kusukuma na kuvuta, kama kufagia uwanja, kuanua nguo nzito na kumwagilia bustani, ni mazoezi halali, zihesabu.

Michezo ya kuhemesha iishe angalau saa mbili kabla ya kulala.

Mchezo upi

Mpira wa miguu unapendwa na wote, na ndio unaowaangusha wengi wa watoto hawa. Mtoto anawekwa golini kwa sababu hachezi vizuri, anasimama dakika 10 bila kuguswa na mpira, anaanza kuchimba mchanga kwa kidole cha mguu, goli linaingia, wenzake wanamfokea. Mpira si mbaya. Uwe wa watatu kwa watatu, uwanja mdogo, bila kipa, ili kila mmoja aguse mpira mara kwa mara.

Kanuni ya kuchagua ni hii: foleni fupi, sheria chache, mwili wote unafanya kazi, na mtoto anaweza kushindana na rekodi yake mwenyewe. Rede inafaa sana: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga, kwa hiyo hana nafasi ya kuzubaa. Kombolela inampa kukimbia na kujizuia kwa pamoja, maana lazima atulie mafichoni. Karate na sarakasi hufaa kwa sababu mwalimu anaonyesha kitendo kimoja kimoja na mtoto anakiiga hapo hapo. Kabla ya kumwandikisha, kaa utazame kipindi kimoja, uone watoto wanasubiri kwa muda gani. Kuogelea ni kuzuri mno, lakini mtoto huyu anaruka kabla ya kufikiri: baharini, mtoni au bwawani awe na mtu mzima ndani ya maji, umbali wa mkono, hata kama anajua kuogelea.

Tuwaangalie wasichana kwa jicho la pekee. Wengi wenye ADHD hawarukiruki. Wanaota mchana, wanasahau, wanapoteza vitu, na hakuna anayewapeleka kliniki. Jioni kaka zao wanatoka uwanjani, wao wanaingia jikoni. Nao wanahitaji zile dakika 60.

Shuleni

Tanzania kuna mchakamchaka, na kwa mtoto huyu ni hazina: mbio za pamoja, za mdundo, kabla ya masomo, bila mshindi wala mshindwa. Palipo na utaratibu huo usife. Mahali ulipokufa, dakika 10 za kuzunguka uwanja kabla ya kipindi cha kwanza zinatosha kuanzia.

Nenda kwa mwalimu na maombi matatu tu, yaliyoandikwa. La kwanza, mtoto asinyimwe mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi. Ukimnyima, vipindi vinavyofuata vitakuwa vibaya zaidi kwake na kwa mwalimu. La pili, apewe kazi ya kusimama kila baada ya dakika 20 hivi: kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka rejista ofisini. La tatu, asiadhibiwe kwa kurushwa kichurachura, kupiga magoti au kuzungushwa uwanja. Tunalisisitiza hili la tatu kwa moyo wote. Mtoto aliyejifunza kwamba mwili kuuma ni malipo ya kosa ataukimbia uwanja, na hapo umempotezea njia ya nafuu isiyogharimu hata shilingi.

Mambo yanapoharibika

Akitoka kwenye mazoezi akiwa mkali kuliko alivyoingia, tazama sababu nne kwa mpangilio huu: hatua ya kushusha ilirukwa, ana njaa, joto lilikuwa kali, au mchezo uligeuka mashindano. Hatua ya tano ndiyo inayorukwa sana kwa sababu inaonekana haina kazi. Ikibidi kufupisha kikao, punguza dakika za kuruka kamba.

Akigombana kila anaposhindwa, ondoa washindani kwa wiki mbili. Ahesabu mirukio yake ya jana na leo, aandike ukutani kwa chaki. Kisha mrudishie mwenzake mmoja, si kundi.

Karibu na wiki ya tatu kwa kawaida anachoka na mazoezi yenyewe. Usibadili saa wala mahali, badilisha kilichomo. Rede badala ya vitambaa, baiskeli badala ya kamba, muziki badala ya kimya. Mpe achague kati ya viwili, usimuulize "unataka nini", maana swali hilo litakula dakika 10.

Na kuna kuharibika kunakotoka kwa mtu mzima: kumtuma peke yake. "Nenda karuke kamba" haifanyi kazi. Kwa wiki nne za mwanzo mtu mmoja, awe mzazi, bibi, kaka au dada wa kazi, awepo dakika zote 20, na awe amefundishwa hatua hizo tano.

Kujua kama inasaidia

Chagua vitu vitatu vinavyohesabika: dakika za kumaliza kazi ya shule, mara ulizomkumbusha arudi kwenye kazi, na dakika kutoka kupanda kitandani hadi kulala. Viandike wiki nzima kabla ya kuanza chochote. Kisha anza, vikao visivyopungua vitano kwa wiki, uendelee kuandika kwa wiki nne, ukiweka alama siku zilizokuwa na mazoezi na zisizokuwa nayo. Mwombe mwalimu aandike kila siku alama ya 1 hadi 5 ya utulivu, bila kumwambia siku zipi ni zipi, ili tumaini lako lisimwongoze.

Siku za mazoezi zikiwa bora, endelea. Zikilingana na nyingine, angalia kwanza kama alihema kweli na kama daftari lilifuata ndani ya dakika 10, urekebishe, urudie wiki mbili. Kama bado hakuna tofauti, au kama mtoto anajiumiza, anawaumiza wengine au anarudi nyuma shuleni, beba daftari hilo hadi kliniki. Daktari ataona ndani yake siku, saa na namba, na kutoka hapo anaweza kupanga mafunzo ya wazazi au dawa akijua tayari ni nini kimejaribiwa na kwa kiasi gani.